Mafundo ya Fundi Jicho

"Nimehesabu mafundo, mama. Kama baba anavyohesabu."

Hapo ndipo tulipoachana wiki iliyopita, na najua wengine mlinisema sana. Haya, tusogee haraka, maana mke wa fundi hana muda wa kuchezea. Begi lake liko mlangoni. Kikao cha kumfukuza kinaanza wakubwa wakishamaliza chakula, na chakula kimeshapakuliwa.

Kwa aliyeingia leo nitasema kwa kifupi. Baba anayetajwa ni Fundi Jicho, mshonaji ambaye mtaa mzima unamwapia. Mpelekee kitambaa cha rangi yoyote, atakutolea uzi unaoendana nacho mpaka usijue mshono umepita wapi. Aliyesema ni binti yake, wanamwita Chiriku kwa sababu ya mdomo wake. Shuleni alichora mti, majani akayapaka nyekundu, akashangaa wenzake wanacheka nini. Daktari wa macho akamwonyesha picha za vidoadoa, akasema mtoto hatofautishi nyekundu na kijani. Kisha akauliza, kwa nia njema kabisa, kama baba yake naye yuko hivyo.

Swali hilo ndilo lililovuruga nyumba. Dada wa fundi, yaani wifi yake mke wa fundi, ni mwalimu wa sayansi, na kwake swali halilali bila jibu. Akawaeleza watu kwa lugha ya nyumba ya cherehani. Jicho la mtoto wa kike limeshonwa kwa nyuzi mbili, mmoja wa mama na mmoja wa baba. Mmoja ukiwa mzima, mtoto anaona rangi zote. Ili asione, lazima zote mbili ziwe mbovu. Na baba hana uzi wa akiba. Anao mmoja tu, na huo huo ndio anaompa kila binti anayemzaa. Sasa kaka yake ana jicho kuliko fundi yeyote mjini. Kwa hiyo Chiriku ana baba mwingine.

Hesabu ya mwalimu haikuwa na kosa. Kosa lilikuwa kwenye hilo jicho.

Basi, mchana huo mke wa fundi alikuwa karakanani, chumba cha mbele kinachotazama barabara, akikaza kifungo cha gauni la safari. Bila kufikiri alimwambia mtoto amletee uzi wa kijani. Mtoto asiyeijua kijani akaleta kijani. Na alipoulizwa amejuaje, ndipo akajibu vile.

Mama akaushika ule uzi kwa ncha. Mafundo mawili madogo, ameyafunga yeye mwenyewe kwa vidole vyake.

Siku za mwanzo za ndoa mama mkwe alimkalisha kwenye kigoda akamfundisha. Uzi mpya ukiingia, nyekundu unapigwa fundo moja nchani, kijani mawili, kahawia matatu. Alimwambia ndivyo mke wa fundi anavyotunza nyuzi zisifumuke. Bibi harusi akaona amekabidhiwa siri ya kazi, akafunga mafundo kwa moyo mmoja, na tangu hapo hajaacha.

Sasa akafungua makopo mengine ya nyuzi. Nyeupe, hakuna fundo. Nyeusi, hakuna. Bluu na njano, hakuna. Kwani hizo hazifumuki?

Akamwuliza Chiriku baba anahesabu vipi. Mtoto akaonyesha, akapitisha kidole gumba kwenye ncha taratibu huku anatazama dirishani kama mtu anayewaza mambo yake. Akasema aliona ni mchezo mzuri, akaujifunza.

Mke wa fundi akakaa chini palepale, juu ya mabaki ya vitambaa. Mambo yalimjia kwa mkupuo. Mume wake hajawahi kumwambia amletee uzi wa kijani. Husema, "Lete wa mawili." Na mteja akiingia na kitambaa, fundi humwuliza kwa upole, "Wewe mwenyewe unaiitaje rangi hii?" Watu husifu adabu hiyo, kwamba fundi mkubwa namna ile bado anamsikiliza mteja. Kumbe mteja ndiye aliyekuwa akimwonyesha njia.

Alilia kidogo, lakini kilikuwa kilio cha mtu aliyekuwa akizama akagusa chini. Mtoto ni wa baba yake. Hahitaji kumshawishi mtu yeyote ila mume wake aseme sentensi moja, naye ni mume wake, atakosaje kuisema?

Akaenda chumbani mbio.

Fundi alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda, amevaa shati la kikao. Mke akapiga magoti mbele yake, akamshika mikono yote miwili.

"Huoni nyekundu na kijani," akamwambia kwa sauti ya chini. "Sikucheki wala sikusemi. Mtoto ni wako, baba Chiriku. Tumepona."

Fundi akainuka, akafunga mlango.

"Umemwambia nani?"

Hakukataa wala hakushangaa, na hakusema hata pole. Mke akabaki na mikono yake hewani. Hapo ndipo alipoelewa jambo ambalo lingekuwa heri asilielewe. Huyu mtu alijua. Alijua tangu daktari alipofungua mdomo. Akakaa kimya dada yake akipiga hesabu, mama yake akitukana na begi likisukumwa mlangoni.

Fundi alijitetea kwa haraka haraka, kama mtu anayeshona mfuko dakika ya mwisho. Kuna karakana kubwa ya sare mjini imemchagua kuwa mkuu wa chumba cha rangi, wanakolinganisha vitambaa na nyuzi. Wiki ijayo anaanza. Maisha yake yote ameficha, ameona haya tangu akiwa mdogo, na leo mlango umefunguka. Neno hili likitoka hatapata ile kazi, na hata hapa mtaani nani atamletea kitambaa tena? Fundi kipofu wa rangi! Watoto watamwimba njiani.

"Sasa sikiliza," akasema, na akamshika bega. "Wewe kubali tu. Sema uliteleza mara moja. Nenda kwenu, nikishatulia kule kazini nakuja kukuchukua. Nitakusamehe mbele ya watu wote."

"Utanisamehe."

"Mbele ya wote. Hakuna atakayekusema tena."

"Na Chiriku? Atakuwa mtoto wa nani?"

Fundi akatazama ukuta. Akasema watoto husahau.

Msomaji, mimi nimesimulia visa vya wanaume wengi katika safu hii, waongo na walevi, lakini huyu amenishinda. Anamwomba mke avae aibu isiyokuwa yake, ili yeye asivae iliyo yake! Na tena anaahidi msamaha!

Kilichomuuma mke zaidi hakukitamka. Mume angemwambia tangu mwanzo, yeye angemfungia mafundo mpaka wazeeke wote wawili, na asingemwambia hata mama yake mzazi. Alimpenda kiasi hicho. Akatoka kwenda kumvalisha mtoto viatu.

Ukumbini mambo yalikuwa tayari. Baba mdogo wa fundi ndiye aliyekalia kiti cha msemaji, mtu mpole anayependa mambo yaishe kabla ya usingizi wa mchana. Mama mkwe kulia kwake, kajikunja, mdomo kaubana. Mwalimu kavaa gauni la kijani lililonyooshwa vizuri, na usoni hana furaha, maana yeye kwa kweli hakumchukia wifi yake. Aliamini hesabu yake tu. Fundi akaingia wa mwisho. Alikuwa amechelewa kidogo, akasema alikuwa anafunga madirisha ya mbele.

Baba mdogo akamwuliza mke kama ana neno kabla hawajasema lao.

Akasimama. Alisema hesabu ya mwalimu anaikubali yote. Uzi mmoja mbovu ni wake, hakatai. Baba yake mzazi alikuwa akienda sokoni ananunua nyanya kwa kuzibonyeza, na akirudi na mbichi nyumba nzima ilicheka. Huyo ndiye aliyempa uzi huo. Yeye mwenyewe anaona kwa sababu wa mama yake ulikuwa mzima. Huo mbovu ndio aliompa Chiriku.

"Na wa pili umetoka kwa mume wangu," akasema. "Haoni nyekundu na kijani. Hajawahi kuziona."

Mama mkwe akacheka kicheko kikavu. Fundi akatikisa kichwa kwa huzuni, kama mtu anayemwonea huruma mgonjwa. Lakini mwalimu aliinua uso. Alikuwa ameshika kidole kimoja, kisha cha pili, anapiga hesabu upya.

"Ingekuwa hivyo, mtoto anaweza kuwa wa kaka," akasema polepole. "Kwa hesabu inakubali. Lakini una ushahidi gani, wifi?"

"Twendeni karakanani."

Wakaenda wote, baba mdogo akilalamika kwa miguu yake. Mke wa fundi akashika kopo la kwanza, akaeleza habari ya mafundo, moja, mawili, matatu, akafungua mfuniko, akavuta ncha ya uzi juu ili waone.

Ncha ilikuwa laini. Hakuna fundo.

Akavuta mwingine, kisha mwingine. Nyuzi zote ncha zao zilikuwa zimekatwa, na kukatwa kwenyewe ni kwa muda si mrefu. Akageuka kumtazama mume wake. Fundi alikuwa amesimama kando ya cherehani, mikono kaikunja kifuani. Kumbe ndiyo madirisha aliyokuwa akiyafunga.

"Mama," Chiriku akauliza, "mafundo yameenda wapi?"

Mama mkwe akasema mbele ya mtoto maneno ambayo sitayaandika gazetini. Mwalimu akamtazama wifi yake kwa macho ya mtu aliyetaka kuamini akaaibishwa. Baba mdogo akashusha pumzi.

"Mkwe wangu, umetuchosha," akasema. "Chukua begi lako. Mtoto tutajua la kufanya."

Mke wa fundi akashika meza. Alifikiria kupiga magoti, aombe tu aachiwe mtoto. Alifikiria kukubali, aseme ndiyo, niliteleza, alimradi amalize. Karibu sana aseme. Mdomo ulikuwa umeshafunguka.

Halafu akaona vidole vya mume wake. Fundi alikuwa amechukua uzi mmoja mezani, kidole gumba kinapita kwenye ncha, kinarudi, kinapita tena. Mazoea ya maisha mazima. Kidole kilikuwa kikitafuta kitu ambacho mkasi umeshakichukua.

Mama Chiriku akafunga mdomo wake. Alikuwa ameona jambo ambalo mume wake, kwa haraka zake, hakuliona. Kwa kukata mafundo alikuwa amejikata macho.

"Nitaondoka, baba mdogo," akasema, na sauti yake ilikuwa imetulia hata yeye akajishangaa. "Ila wifi yangu pindo la gauni limefumuka pale nyuma, limenaswa na kiti. Asirudi hivyo barabarani. Namwomba mume wangu amshonee, na mimi nikimaliza kuona nitashika njia."

Kisha akaweka nyuzi mbili mezani, mmoja upande huu, mmoja upande ule. Mmoja mwekundu kama pilipili iliyoiva. Mwingine wa kijani, rangi ileile ya gauni.

Fundi akasema hana hali ya kushona leo. Baba mdogo akamwambia ashone, pindo ni jambo la kufumba na kufumbua, watu walale. Fundi akasema mwanga hautoshi. Jua lilikuwa limejaa mpaka kwenye kuta. Mwalimu akageuka, akaliona pindo, akalishika, na akabaki amelishika akimtazama kaka yake.

Fundi akasogea mezani. Akainama kwenye gauni kama anavyofanya siku zote, akasema kwa ile sauti yake ya upole:

"Wewe mwenyewe unaiitaje rangi hii?"

"Kijani, kaka," mwalimu akajibu. "Ni kijani. Chukua uzi."

Mkono ukaenda mezani, ukasimama katikati. Ukashika uzi wa kulia kwa ncha, kidole gumba kikapita, kikakuta ulaini. Ukauacha. Ukaenda kwenye uzi wa kushoto, vilevile. Jasho likamtoka juu ya mdomo. Nje pikipiki ikapita. Mke akajikuta anaumia kumtazama, hata baada ya yote yale. Mkono ukarudi kulia. Ukaugusa ule mwekundu. Ukaanza kuuinua.

"Wa kushoto, baba."

Ni mama mkwe aliyesema, haraka na kwa sauti ndogo, kama mama anavyomwambia mtoto wake aangalie shimo. Hakuna aliyemwuliza kitu. Lilimtoka tu, kama lilivyokuwa likimtoka tangu mwanawe akiwa na kalamu za rangi za shule.

Fundi, kwa utii wa maisha yake yote, akauachia mwekundu na kuchukua wa kushoto.

Mke wa fundi akamtazama yule mama kizee aliyemkalisha kwenye kigoda siku za uharusi wake, akamfundisha moja, mawili, matatu. Kwa hiyo walikuwa wawili. Mama na mwana walikula chakula chake, wakaacha aitwe malaya, na wote wawili wanajua.

"Mama," mwalimu akaita. Pindo la gauni lilimtoka mkononi. "Umejuaje kwamba anahitaji kuambiwa?"

Mama mkwe akasema aliona wanachelewa tu, akasema huyo binti amewaroga kwa maneno, akasema yeye hajui mambo ya shule. Lakini mwalimu alikuwa ameshaanza kuhesabu na ukimjua mwalimu, akianza haachi.

"Mtoto wa kiume anao uzi mmoja tu," akasema, na machozi yalikuwa yakimtoka huku anahesabu. "Na hapewi na baba. Anapewa na mama yake. Huo wa kaka ni wako, mama. Ulikuwa unajua unavyotembea, kutoka kwako kwenda kwake, kutoka kwake kwenda kwa mtoto. Ukaniacha nimwite wifi yangu mzinzi mbele ya ukoo."

"Sijakiri kitu mimi," mama mkwe akasema, akakaa juu ya kigoda.

Baba mdogo alikuwa amesahau usingizi wake wote. Akamgeukia fundi.

"Mambo ya nyuzi za kushoto na kulia mimi yananizidi. Mama yako anasema hajakiri. Basi sema wewe, kwa mdomo wako, niyamalize. Unaona au huoni? Ukisema unaona, mkeo anaondoka sasa hivi na mtoto si wetu. Ukisema huoni, mimi mwenyewe nitalirudisha begi ndani nikimwomba radhi."

Fundi akaufungua mdomo.

"Hodi humu!"

Wote wakageuka. Mlango wa karakana unatazama barabara, na mlangoni alikuwa amesimama mwanamke mnene mwenye miwani, futi ya kupimia imening'inia shingoni, kwapani amebana furushi la vipande vya vitambaa. Fundi alimjua kabla hajamaliza kuvua miwani. Alikuwa mkuu wa ile karakana ya sare.

"Nisameheni, naona mna wageni," akasema kwa uchangamfu, tayari ameshaingia. "Nimeona wiki ijayo mbali. Nimekuja na mafundi wangu wawili, wako hapo nje kwenye gari, wote hawaamini ninayowasimulia. Fundi Jicho, hebu watoe ushamba."

Akaumwaga mzigo wake mezani, vipande vyekundu, vya kijani, vya kahawia, vikafunika zile nyuzi mbili.

Mama mkwe alianza kuinuka kutoka kwenye kigoda. Mwalimu akamshika bega, akamkalisha.

Na hapo Chiriku akapenya katikati ya magoti ya wakubwa, akaenda kusimama mbele ya baba yake. Alikuwa amesikia yote, tangu asubuhi, tangu wiki ile ya daktari. Akamvuta shati.

"Baba," akauliza, "kwani mimi ni wa nani?"

Fundi Jicho akamtazama mgeni wake aliyekuwa akitabasamu na kusubiri. Akavitazama vitambaa, ambavyo kwake vilikuwa rundo moja la rangi ya vumbi. Akamtazama mtoto. Mke wake naye alikuwa amekwisha kushika mshikio wa begi pale mlangoni, na safari hii hakuna aliyejua kama anataka kulirudisha ndani au kutoka nalo.

Fundi akaweka mkono juu ya kichwa cha binti yake, akamgeukia mgeni, na akasema neno lake la kwanza la kweli tangu asubuhi, au uongo wake wa mwisho. Lipi kati ya hayo, nitawaambia wiki ijayo.